Nusu kaputi kupigwa na nesi: nikubali au nihame?

Mnyonge wa Bara: Wakuu, habari za jioni. Alhamisi napasuliwa ngiri, hospitali ya wilaya. Leo nimegundua atakayenipa dawa ya usingizi ni nesi! Daktari wa usingizi hawana. Nina watoto watatu. Nikubali au nikimbilie Muhimbili? Hata kula sili.

Jongoo Mweusi: Kutokula umewarahisishia kazi 😂

Mama Pacha: Mimi nilijifungua kwa kisu, sindano ya mgongo nikachomwa na nesi. Daktari keshashika kisu, nesi anamwambia "bado, subiri", naye akasubiri. Aliyezimia ni baba watoto, huko nje kwenye benchi.

Mzee wa Ufuta: Kila kitu nesi, nesi. Tulikosea wapi?

Ganzi Salama: Hiyo ndiyo kazi yangu mzee. Nilikuwa muuguzi, nikarudi shule kusomea usingizi. Huku wilayani wengi tunawalaza sisi, mabingwa wako mijini. Hata Marekani manesi wanafanya hivyo tangu karne ya 19, na mwaka 2001 majimbo yaliruhusiwa kuondoa sharti la kusimamiwa na daktari, Iowa ikatangulia. Mleta uzi, uliza kama wana kipima oksijeni cha kidoleni, na kama atakaa nawe mpaka uamke. Wewe je, una presha? Pumu? Mzio?

Mnyonge wa Bara: Pumu, ila ya kawaida tu.

Ganzi Salama: Ya kawaida ndiyo ipi? Umewaambia?

Mnyonge wa Bara: Navuta dawa usiku, basi. Sijawaambia, wangeahirisha. Likizo nimeshachukua, hela nimeshalipa. Angekuwa daktari ningemwambia.

Ganzi Salama: Yaani unamwogopa nesi, na hatari umeificha wewe mwenyewe! Pumu inaweza kubana ukiwa usingizini.

Jicho la Tatu: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye mwezi jana aliomba ushauri wa mahari, eti ndiyo kwanza anaoa? Leo ana watoto watatu? Chai hii.

Mnyonge wa Bara: Watoto wa marehemu kaka, nawalea mimi. Usinichokoze.

Mama Pacha: Pole baba. Mahari walikutajia ng'ombe wangapi?

Jongoo Mweusi: Ndiyo maana ngiri imetoka, kubeba mahari 😂😂

Mnyonge wa Bara: Sita. Ganzi Salama, nikiwaambia Alhamisi asubuhi si itatosha?

Ganzi Salama: Nenda kesho. Na hiyo dawa ya kuvuta uibebe.