X-Men namba 137: Jean Grey alistahili kufa au mhariri alizingua?

Kibonzo255
Wakuu kwema? Mimi X-Men, wale mashujaa wa Marvel wenye nguvu za ajabu, nimewajulia kwenye muvi, nimeangalia The Last Stand ya 2006 na Dark Phoenix ya 2019 na zote mbili zimeniacha hewani, unaona tu dada wa watu Jean Grey macho yanawaka anaua halafu basi, hasira zote zile kazitoa wapi hujui. Sasa kila nikiuliza naambiwa stori yenyewe iko kwenye komiki na hasa toleo moja, namba 137 la Septemba 1980. Linaeleweka ukilisoma peke yake? Na hii ya kwamba mwisho wake ulibadilishwa dakika za mwisho ni kweli au stori za vijiweni? Spoila ruksa, mimi nilishaharibiwa kitambo.

WinoMweusi
Ni kweli mkuu, tena ule mwisho wa kwanza walikuja kuutoa 1984 kwenye komiki inaitwa Phoenix: The Untold Story, unaweza kuweka zote mbili mezani ukalinganisha mwenyewe.

Iko hivi. Chris Claremont ndo anaandika, John Byrne anachora na stori wanatunga pamoja, Terry Austin anapiga wino. Walichopanga ni kwamba Shi'ar, wale watu wa anga za mbali, wanamkamata Jean wanamnyofoa nguvu zake zote halafu anarudi nyumbani na mpenzi wake Scott, mwenzake wa X-Men, akiwa binadamu wa kawaida. Ila kasheshe lilikuwa limeshaanza namba 135, pale Jean akiwa Dark Phoenix, yaani ile nguvu ya Phoenix aliyonayo imeshageuka mbaya, anasikia njaa anaimeza nyota nzima, na ile nyota ilikuwa na sayari yenye watu, D'Bari bilioni 5, wakateketea wote. Sasa Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel enzi hizo, kuiona 137 inaisha mtu anarudishwa kwao kama aliyepona malaria, akagoma. Akasema huwezi kuua sayari nzima halafu ukaenda zako nyumbani. Yeye alitaka Jean afungwe na ateswe, wenzake wakamwambia hiyo haiendi maana X-Men watakuwa kila mwezi wanaenda kumtorosha, katika kuvutana huko ndo likatoka la kwamba basi afe. Kurasa za mwisho zikachorwa upya.

Mimi namuunga mkono Shooter, ukali wake wote uweke pembeni. Ukisoma ule mwisho wa kwanza unauona kabisa umepoa, Jean anafanyiwa maamuzi na wengine. Huu uliotoka anaamua mwenyewe.

Binti_wa_Nakuru
Hapo kwa Shooter nakataa. Mnaongea ni kama Jean aliamka tu asubuhi akaamua kumeza nyota. Mastermind, yule adui anayewaonyesha watu vitu vya uongo, alikuwa amemchezea akili miezi mingi, anamuonyesha maisha ya uongo ya karne ya 18 hadi wakamfanya Black Queen wa Hellfire Club, kile kikundi cha siri cha matajiri waovu, akili ikikatika namba 134 nani wa kulaumiwa? Huyo Mastermind hakuuawa na mhariri. Mwanamke mwenye nguvu kuwaliko wote ndiye lazima aadhibiwe, hiyo maneno tumeizoea.

Lakini toleo lenyewe ni moto, siwezi danganya. Watu husifu vita ya X-Men na Shi'ar huko mwezini pekee yake, mimi napenda zile kurasa kabla ya vita, usiku wako kwa meli ya Lilandra, malkia wa Shi'ar, na kila mtu amekaa na mawazo yake, kesho watapigana na walinzi wa malkia kwa ajili ya rafiki aliyeua mabilioni na hakuna mwenye ana uhakika kama wako upande wa haki. Storm, mwenzao wa X-Men, anampenda Jean kama dada (na Storm ni wetu bana, mamake ni binti wa kifalme wa Kenya, Xavier, mwalimu wa X-Men, alimtoa huku 1975). Asubuhi Jean anatoka amevaa ile nguo yake ya kijani ya zamani, ya Marvel Girl, jina lake la kishujaa la kwanza. Hapo nilijua ameshaaga.

Mzee wa Spoila
Kaaga wapi 😂😂 si alirudi 1986

WinoMweusi
@Binti_wa_Nakuru kuhusu Mastermind umenibana, sina jibu. Ila angalia pale mwisho, Scott ameanguka, Phoenix anaamka tena, Lilandra yuko tayari kulipua mfumo wetu wote wa jua na Xavier mwenyewe anawaamuru wanafunzi wake wampige Jean. Anarudiwa na akili kidogo tu, anamuaga Scott, anaiwasha silaha ya kale ya Kree, watu wengine wa anga za mbali, anajimaliza. Kwangu hiyo sio adhabu ya mhariri tena, hapo ni Jean ndo kaamua.

Na huyo mzee anachosema ni kweli, inauma. 1986 kwenye Fantastic Four namba 286 wakasema Jean wa kweli alikuwa amelala muda wote ndani ya kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York, aliyekufa mwezini ni Phoenix, ile nguvu yenyewe, iliyojigeuza ikafanana naye. Shooter huyo huyo alikubali arudi kwa sharti kwamba asiwe na hatia ya wale D'Bari. Kwa hiyo kitabuni tuliyemlilia 1980 sio Jean hahaha.

Binti_wa_Nakuru
Na Scott akaacha mke na mtoto mchanga akamkimbilia, wacha tu. Mimi husoma 137 ni kama hiyo 1986 haikutokea.

Kibonzo255
Duh, kumbe muvi zimeruka karibu kila kitu, Mastermind mwenyewe ndo namsikia leo. Sasa nianzie 137 moja kwa moja?

WinoMweusi
Hapana, usimuonee Jean. Anza 129 usome mpaka 138, ile ya mazishi, ni matoleo ya Januari hadi Oktoba 1980 tu. Na humo humo 129 Kitty Pryde na Emma Frost ndo wanatokea kwa mara ya kwanza.