Fundi kaninunulisha kontrola mbili za joto la oveni, kumbe tatizo ni waya! Mafundi, mnasoma kweli kilichoandikwa kwenye kioo?

Wakuu salaam. Sina hali nzuri, mnivumilie.

Nina bekari ndogo hapa Morogoro, oveni ya umeme ya deki mbili. Jumatatu saa kumi alfajiri dogo kanipigia: "Bosi, oveni haipandi joto, kwenye kioo imeandika OPEN." Mikate ishaumuka kwenye trei. Nikaita fundi. Kaja, kachungulia, hata skrubu moja hakufungua. "Kontrola imekufa hii, bosi." Laki na themanini hiyo, nikatoa.

Kafunga mpya. OPEN tena. Mtu mwenye akili si angejiuliza, kontrola mbili zife ugonjwa mmoja? Yeye kasema ile ni feki, tuchukue ya kampuni nyingine. Laki mbili na ishirini. Kuiwasha, ikaandika S.ERR. Jamaa kafurahi, eti "unaona, ile OPEN imetoka!"

Mimi sikusomea umeme. Lakini kwenye boksi mlikuwa na karatasi imekunjwa kama barua ya posa, nikaifungua nikasoma. S.ERR ni hitilafu ya upande wa sensa, kile kipima joto cha oveni: waya umekatika, umefungwa vibaya, au aina ya sensa iliyosetiwa siyo iliyofungwa. OPEN nayo maana yake sensa imekatika. Ugonjwa ule ule, kila kampuni inautaja kwa lugha yake! Nikamwambia afungue kichwa cha thamokapo, yaani hiyo sensa, kule nyuma. Waya umeungua, umeachia kabisa.

Mnadhani yakaisha? Kaleta thamokapo mpya ya aina ya K, waya mmoja wa njano, mwingine mwekundu. Mwekundu kautia kwenye chanya kama anafunga betri ya gari. Kwa rangi za Kimarekani mwekundu wa thamokapo ni HASI. Oveni ikawa inapata moto huku namba zinashuka: 28, 19, 5, mara hasi 12. Kontrola inaona baridi, inazidi kuchochea hita. Nikauliza, nikajibiwa "zitakaa sawa ikichemka." Deki nzima ya juu ikawa mkaa. Ukishindwa rangi, chukua sumaku: kwenye K waya unaonaswa ndio hasi. Sumaku ya spika mbovu inatosha!

Na kilichoniuma zaidi, kuna kipimo cha dakika mbili. Zima umeme, chomoa thamokapo, unganisha zile terminali mbili za sensa kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa. Kontrola iliyosetiwa thamokapo ikionyesha joto la hapo ilipo, 28 au 30, ni nzima, katafute ubovu kwenye sensa na waya zake. (PT100, sensa ya aina nyingine, ni habari tofauti, ile inapima kwa ukinzani, oum 100 kwenye nyuzi 0, usiipime hivi.) Kipande cha waya kingeniokolea laki nne!

Halafu nimegundua ile thamokapo ya zamani mtu aliirefusha kwa waya wa kawaida wa shaba, maungio yako ndani ya boksi la hita. Ndiyo maana mwaka mzima deki ya juu ilikuwa inadanganya nyuzi kadhaa, nikawa namfokea dogo kuwa hajui kupima hamira. Nimeshamwomba radhi.

Dukani wanasema kifaa kikishafungwa hakirudishwi. Sasa wanaojua sheria mnisaidie: laki nne yangu namdai nani, duka au fundi aliyeniambia ninunue? Risiti ninazo zote mbili.

Kontrola ya kwanza, ile "maiti", nimeirudishia mwenyewe jana jioni. Hapa ninapoandika inasoma 215 na mikate imo ndani. Fundi simu hapokei.