Ushauri: seva tatu za barua pepe na hifadhidata moja ya kuchujia barua taka

Mwenye Uzi (Mombasa)
Assalaam alaikum wanajamvi. Ninasimamia barua pepe za kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Tuna seva mbili hapa na moja Nairobi, zote zikitumia Postfix (ya kupokea na kutuma barua) na SpamAssassin (kichujio cha barua taka), na kila moja ina hifadhidata yake ya Bayes, yaani kumbukumbu ambamo kichujio hujifunza kutofautisha taka na halali. Ankara bandia ya kontena ikishafundishwa kuwa taka kwenye seva ya kwanza, ya pili huipitisha kesho yake kana kwamba haijapata kuiona. Na hati halali ya shehena hupita Mombasa ikazuiliwa Nairobi. Ninakusudia kuziunganisha zote na hifadhidata moja ya MySQL. Je, kuna aliyelifanya hili?

Fundi wa Kisauni
Wa alaikum salaam. Linafanyika, ila majedwali yawe ya InnoDB, si ya MyISAM, ambazo ni aina mbili za uhifadhi ndani ya MySQL. MyISAM hufunga jedwali zima kwa kila uandishi, na Bayes haisomi tu: hata barua inapokaguliwa, huandika upya muda ambao kila tokeni (neno au kipande cha barua) ilionekana mara ya mwisho, kwa hiyo seva tatu zitakuwa zikipangiana foleni mchana kutwa.

Weka bayes_auto_expire (usafishaji wa kiotomatiki wa tokeni zilizozeeka) kuwa 0 kwenye seva zote, kisha mashine moja tu iendeshe usafishaji huo usiku kwa amri ya sa-learn --force-expire. Bila hivyo usafishaji unaweza kuanza katikati ya ukaguzi na barua ya mteja ikakaa ikisubiri. Usisahau mpangilio wa bayes_sql_override_username wenye jina moja kila mahali, kwa maana SpamAssassin hutenga data kwa jina la mtumiaji, na wengi hudhani wameunganisha kumbe kila seva inasoma fungu lake ndani ya hifadhidata ileile.

Mkaazi wa Tudor
Mimi ningechagua Redis, hifadhidata inayokaa kwenye RAM ya mashine, ambayo SpamAssassin inaikubali tangu toleo la 3.4.0 la mwaka 2014. Tokeni zilizozeeka hujifuta zenyewe, kwa kawaida baada ya wiki tatu, na ile kazi ya usiku haihitajiki. Hakikisha tu kwamba inahifadhi nakala kwenye diski.

Mwenye Uzi (Mombasa)
Ahsanteni. Je, mtandao kati ya Mombasa na Nairobi ukiyumba?

Fundi wa Kisauni
Hapo ndipo ninapotofautiana na mpango wako, ndugu yangu. Hifadhidata ikikosekana, kichujio huendelea na kanuni nyingine bila alama za Bayes. Afadhali hivyo kuliko mtandao unaojikokota, kwani kila barua huuliza tokeni nyingi na ukaguzi wote hucheleweshwa. Seva mbili za Mombasa zishirikiane hifadhidata, lakini Nairobi ibaki na yake. Kinachosafirishwa kiwe ni zile barua zilizotiwa alama na watumiaji, taka na halali, ili pande zote mbili zijifunze kutokana na mafunzo yaleyale.

Suala la orodha za Spamhaus (za anwani zinazojulikana kwa kutuma taka) nalo halitatuliwi na hifadhidata ya pamoja. Orodha hizo huulizwa kupitia DNS, mfumo wa kutafuta majina ya mtandao, basi kila seva iwe na Unbound yake (programu ya kuuliza DNS yenyewe), kwa kuwa Spamhaus haihudumii maswali yanayopitia DNS za umma kama 8.8.8.8.

Bi Nyali
Ikiwa mnaahirisha barua za watumaji wageni mpaka wajaribu tena, kumbukumbu ya watumaji hao ndiyo ya kuunganishwa kwanza. Mtumaji aliyeahirishwa na seva moja akirudi kupitia nyingine huhesabiwa kuwa mgeni upya.

Na kwa kuwa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mweleze mkubwa wako kwamba Bayes ya siku hizi haihifadhi maneno yenyewe bali baiti tano za alama ya SHA1, yaani msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye neno. Barua za mafunzo ndizo zinazosomeka. Hizo zifungieni vizuri.

Mwenye Uzi (Mombasa)
Nimeridhika. Data ya zamani ya seva hizi mbili ninaweza kuichanganya?

Fundi wa Kisauni
Hapana, amri ya kurejesha nakala, sa-learn --restore, hufuta kilichokuwapo. Chukua nakala ya seva iliyofundishwa vizuri zaidi uirejeshe hiyo. Ukianza na hifadhidata tupu, Bayes haitatoa alama yoyote mpaka ijifunze barua taka 200 na halali 200.