Mama ana sukari na presha, anaambiwa afunge siku tatu mishipa ijisafishe. Mnasemaje?

Binti_Arua: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama anatumia glibenklamidi ya sukari na amlodipini ya presha. Muuza dawa za asili kamwambia akae siku tatu kwa maji matupu, seli za mishipa zitakula uchafu wake zenyewe. Anaiita otofaji, eti imepata Nobeli. Mama keshachagua siku ya kuanza! Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Wa_Jinja: Nobeli ni kweli, 2016, Yoshinori Ohsumi wa Japani. Ila yule alichunguza hamira, si mama zetu.

Nesi_Tororo: Dada, glibenklamidi haingoji chakula. Inaisukuma kongosho itoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Jioni ya kwanza tu unaweza kumkuta anatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Hali hiyo ikimpata na bado anameza vizuri, mpe maji ya sukari upesi, kisha hospitali. Dawa asiache kwa uamuzi wake. Hata Ramadhani wenye sukari huonana na daktari kwanza, wapangiwe dozi.

Maabara_Kla: Nesi kamaliza. Mimi naongeza la mishipa, maana huyo muuzaji hakutunga yote. Mshipa wa damu umetandikwa ndani tabaka moja tu la seli, nazo hutoa naitriki oksaidi inayoulegeza. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mitokondria za seli hizo, yaani vinu vyake vya nishati, huchakaa na kumwaga kemikali kali za oksijeni. Naitriki oksaidi inaharibiwa kabla ya kufanya kazi, mshipa unakakamaa. Hapo ndipo otofaji inapoingia: seli huvifunga vilivyochakaa kwenye kifuko, kifuko kikaungana na lisosomu, yaani kifuko kingine chenye vimeng'enya, vikayeyushwa na malighafi ikatumika upya. Ikizorota, seli hudhoofika. Ikipita kiasi, seli inaweza kufa! Na mengi ya haya yameonekana kwenye seli za maabara na panya. Tunachojua pia ni kwamba damu ikipita kwa mkondo mnyoofu huichochea otofaji hiyo, na penye njia panda za mishipa, inapozungukazunguka, ndipo mafuta hupenda kujijenga. Mwendo wa miguu huongeza mkondo huo. Huuzwi kwenye chupa.

Boda_Mstaafu: Basi sokoni aende kwa miguu. Wenzangu wa stejini mnisamehe.

Binti_Arua: Asanteni sana. Nimempigia, kufunga kaahirisha mpaka Alhamisi, siku yake ya kliniki. Kutembea kakubali. Nilipogusia chumvi ya samaki mkavu, akakata simu.