Kikundi cha familia: supu ya kopo ya Bibi

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Bibi kaletewa supu ya kuku ya kopo hapa Columbus. Lebo inasema sodiamu 660 mg. Daktari wake wa figo kampa mwisho 2,000 kwa siku. Si anaweza kula?

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Soma ule mstari wa juu ya lebo. Kopo lina vipimo vingapi?

Zuhura: Viwili na nusu. Kipimo ni kikombe kimoja.

Mjomba Hamisi: Zidisha basi: 1,650. Hiyo ni karibu robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi. Akimaliza kopo anabakiwa na 350 kwa siku nzima, na vipande viwili vya mkate wa dukani vinaweza kuila karibu yote.

Mama Saidi: Tukiiongeza maji je?

Mjomba Hamisi: Chumvi itapungua mdomoni tu, shemeji. Akiinywa yote imeingia yote, na maji ya ziada juu yake. Bibi anasafishwa damu, maji nayo anapimiwa.

Zuhura: Kuna nyingine imeandikwa "reduced sodium".

Da Halima: Zuhura, hapo pana mtego. Neno hilo Marekani maana yake imepungua angalau robo kuliko ya kawaida. 660 inakuwa 495, bado nyingi. "Low sodium" ndiyo haizidi 140 kwa kipimo. Ila hata hiyo geuza kopo usome viambato. Ukiona "potassium chloride", irudishe. Wametoa chumvi ya kawaida wakatia ya potasiamu, na potasiamu ya Bibi tayari iko juu. Ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo yanavurugika, na anaweza asihisi dalili yoyote kabla.

Da Halima: Halafu tafuta neno lolote lenye "phos" ndani yake, yaani fosfeti, fosforasi waliyotia wao; hiyo nayo aikwepe. Kiasi cha fosforasi si lazima waandike, kwa hiyo viambato ndiyo njia pekee ya kuijua. Fosfeti ya kiwandani huingia mwilini karibu yote, ya kwenye nyama yenyewe huingia kama nusu hivi.

Mama Saidi: Na ya nyanya?

Da Halima: Aiache, pamoja na za maharage na viazi. Potasiamu nyingi.

Zuhura: Nimepata ya kuku "no salt added". Sodiamu 60, haina potassium chloride wala phos. Lakini Bibi atasema haina ladha.

Mama Saidi: Kaanga kitunguu maji na saumu kwa mafuta kidogo, tia tangawizi na pilipili manga, ndiyo umimine supu. Ndimu ukishaepua. Kidonge cha supu usiguse, hicho ni chumvi tupu.

Mjomba Hamisi: Mpe na wali mweupe uliopikwa bila chumvi, ashibe kwa wali. Supu mpimie kikombe kimoja, 240 ml, na uziandike kwenye daftari lake la maji.

Zuhura: Inayobaki?

Mama Saidi: Igawe leo leo kwenye vibakuli vya kikombe kimoja kimoja, ugandishe. Ukiiacha kwenye sufuria ataiongeza.