Kuomba shahada mbili za uzamili kwa pamoja: biashara na usimamizi wa michezo

BintiKisauni aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa mizigo hapa Mombasa, na kwa miaka mitatu nimekuwa mweka hazina wa klabu ya soka ya wanawake mtaani kwetu. Nina shahada ya kwanza ya biashara, daraja la pili la juu. Nimenuia kuomba nafasi ya masomo Marekani katika zile programu zinazomwezesha mwanafunzi kusoma kwa pamoja shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA, na ile ya usimamizi wa michezo, akatoka na vyeti viwili. Maelezo ya Ohio University na ya University of Massachusetts kule Amherst nimeyasoma hadi karibu nimeyahifadhi, lakini mambo matatu bado yananitatiza. Kwanza, maombi ni mamoja au ni mawili? Pili, insha niielekeze kwa watu wa biashara au kwa watu wa michezo? Rasimu niliyo nayo inamfurahisha mjomba wangu peke yake, naye ni shabiki ambaye hufurahishwa na chochote chenye neno mpira ndani yake. Tatu, cheti cha pili kitanifaa nini, au nichukue MBA pekee nirudi kazini mapema? Najua kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo tumepewa pamoja na Tanzania na Uganda, huenda likanikuta darasani, hilo nimeshalimeza.

Kipenga alijibu:

Waaleikum salaam, dada. Nilisoma programu ya namna hiyo, kwa hiyo nitakueleza niliyoyapitia.

Swali lako la kwanza lina jibu lenye pande mbili. Hata pale ambapo fomu ni moja, faili lako husomwa na watu wa aina mbili, na kila upande una haki ya kukukataa. Wenye shule ya biashara watatazama alama zako za hesabu, miaka ya kazi na mtihani wa GMAT au GRE, ile mitihani ya kuombea masomo ya uzamili. Wenye idara ya michezo watatazama kama umewahi kufanya kazi yoyote katika mchezo wowote, ikiwamo ile isiyo na malipo. Mimi nilidhani kwamba nikituma bahasha moja ya matokeo rasmi yenye lakiri ya chuo nimemaliza. Bahasha ikafika upande wa biashara, ikakaa huko, na upande wa michezo ukanihesabu kuwa sijakamilisha maombi. Niligundua mwezi Februari, na ilinibidi nimwombe msajili wa chuo changu nakala nyingine, naye hakuwa mtu wa haraka. Andika barua pepe kwa pande zote mbili na uulize waziwazi ni nani anayepokea nini, kisha uyahifadhi majibu yao.

Kuhusu insha, inafaa ujue masomo haya yalizaliwa wapi. Ohio ilianzisha shahada yake ya uzamili ya usimamizi wa michezo mwaka 1966, na mbegu yake ilikuwa mazungumzo kati ya Profesa James Mason na Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Dodgers, ambaye alikuwa akitafuta mahali pa kupata watu waliosomea kuendesha viwanja na kumbi. Huyo alikuwa mwenye mali aliyetaka mtu wa kumkabidhi funguo. Hali kadhalika Massachusetts: idara yao ina jina la Mark McCormack, mwanasheria aliyeanzisha IMG, kampuni ya uwakala wa wanamichezo, mwaka 1960 akimwakilisha mcheza gofu Arnold Palmer. Watu hawa waliiona michezo kwa macho ya mikataba, viti na milango. Ndiyo maana insha inayoanza na «tangu utotoni nimeupenda mpira» huwachosha. Kila mwombaji ameupenda tangu utotoni. Wewe umeshika fedha za klabu kwa miaka mitatu. Anzia hapo, na pande zote mbili zitakuelewa kwa insha ileile moja.

Mlinda Lango alijibu:

Naunga mkono aliyosema Kipenga, nami niongeze la fedha na la karatasi, kwa kuwa ndiyo yanayowakwamisha wengi wakiwa wameshakubaliwa.

Swali lako la tatu, dada, watu hulijibu kwa kuangalia vyeti na kusahau viza. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 huruhusiwa, baada ya kuhitimu, kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12. Ruhusa hiyo huitwa OPT. Ruhusa hutolewa kwa kila ngazi ya elimu, wala si kwa kila cheti. Shahada mbili za uzamili ni ngazi moja, kwa hiyo vyeti viwili havikupi miezi 24. Zipo MBA zilizosajiliwa katika kundi la masomo ya sayansi na teknolojia, na hizo hufungua nyongeza ya miezi mingine 24, ilhali usimamizi wa michezo kwa kawaida haumo katika kundi hilo. Uliza MBA ya chuo unachokitaka imesajiliwa vipi, kwa sababu jibu hilo laweza kuwa na uzito kuliko sifa ya chuo chenyewe.

Kazi ya mafunzo ndani ya kipindi cha masomo nayo ina ruhusa yake, CPT, ambayo kwa kawaida husubiri mpaka umalize mwaka mmoja wa masomo. Usiingie kwenye ofisi ya timu yoyote, hata kwa kujitolea, kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijakuandikia. Ukifanya CPT ya kutwa kwa miezi 12 au zaidi, OPT ya ngazi hiyo unaipoteza.

Kuhusu karo, tafuta nafasi za wanafunzi wasaidizi wa uzamili, hasa katika idara ya michezo ya chuo chenyewe. Mwanafunzi hufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, iwe ni kwenye tiketi, matukio au uhasibu, na mara nyingi hupunguziwa karo au kusamehewa kabisa, pamoja na posho. Mhasibu kama wewe ana la kuwapa. Waandikie mapema, wala usingoje barua ya kukubaliwa.

Mtihani wa GMAT sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama huanzia 205 hadi 805. Usishtuke ukiona watu wa zamani wakitaja 700 kwa kipimo kilichopita, kwani vipimo hivyo viwili havilingani.

Mzee wa Pembeni alijibu:

Binti yangu, mimi nina maoni tofauti. Kama nia yako ni kurudi kuitumikia soka ya kwetu, Marekani itakufundisha besiboli, kikapu na michezo ya vyuo, ambayo mfumo wake haufanani na wetu hata kidogo. Iko ile FIFA Master, shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo iliyoanza mwaka 2000, ambapo mwanafunzi husoma Leicester kule Uingereza, kisha Milan kule Italia, kisha Neuchâtel kule Uswisi, na yote humalizika ndani ya mwaka mmoja. Shahada ni moja na MBA haimo, lakini mhasibu anayejua kazi yake anaihitaji MBA ya nini?

Kipenga alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu soka nakubaliana nawe. Ila MBA ndiyo itakayomrudisha bandarini kwa mshahara wa maana siku klabu itakaposhindwa kumlipa, na sote tunajua siku hiyo huja.

BintiKisauni aliandika:

Nawashukuru nyote, na Mzee, shikamoo. Nimeketi jana usiku na daftari la klabu pamoja na mfuko wa vishina vya tiketi, nikaandika upya. Insha sasa inaanza na mechi moja ambayo vishina vilikuwa 412 na fedha zilikuwa za watu 371. Kamati ilitaka kumfukuza kijana wa mlangoni. Nilipomkalisha na kumuuliza, alisema tiketi 41 aliwapa mama za wachezaji, kwa sababu ndio waliokuja na sufuria za wali wa timu, naye aliona haya kuwatoza kiingilio. Tangu siku hiyo tukachapisha tiketi za rangi ya kijani za walioalikwa, zikahesabiwa mbali, na hesabu ikawa inafunga. Je, hili si jambo dogo mno kwa watu wa MBA?

Kipenga alijibu:

Si dogo hata kidogo, dada. Umeona pengo, umetafuta sababu yake kabla ya kumhukumu mtu, kisha umeweka utaratibu. Wenye shule za biashara hulipwa kufundisha hilo. Anza na tarakimu ya 412 katika sentensi ya kwanza, wali ubakie, mjomba umwondoe. Barua moja ya mapendekezo aiandike mkuu wako wa kazini na nyingine mwenyekiti wa klabu, ila mwulize mwenyekiti leo kama anayo barua pepe anayoifungua kila siku, kwa maana kiungo cha kujaza mapendekezo hutumwa kwake moja kwa moja, na wa kwangu alikikuta wiki tatu baadaye kwenye simu ya mwanawe.