Siku ya kutazama barafu melini: Antaktika kwa meli kubwa, kwa meli ndogo, au Alaska?

MtuWaTanga
Wakuu habarini. Mimi na mama watoto tunatimiza miaka 30 ya ndoa. Tuko Minnesota, kwa hiyo msinitishe na baridi. Ninachotaka ni siku moja ya kusimama kwenye sitaha nitazame barafu ikipita. Nimechuja nikabaki na njia tatu: meli kubwa ya Antaktika ambayo hupita tu bila kushusha mtu, meli ndogo ya huko huko inayoshusha, au Glacier Bay kule Alaska. Bei ya hiyo ya pili ni kama karo ya chuo. Waliofika waseme.

Shangazi_Oslo
Visiwa vya Svalbard umevisahau! Nilikwenda Julai, jua halizami kabisa, saa sita ya usiku watu wako nje na miwani ya jua. Ila kama mmoja wenu bado ana pasi ya nyumbani, angalieni viza: Svalbard ni ya Norwei lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, kurudi Oslo utakwama.

BahariaMstaafu
Mdogo wangu, nimefanya kazi jikoni kwenye meli za huko misimu minne. Kabla ya bei, muulize wakala meli inabeba abiria wangapi. Ikizidi 500, Antaktika haishushi mtu. Hizo ndogo nazo haziweki zaidi ya watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, kwa hiyo meli ya watu 400 ni kwenda kwa zamu, na nusu ya siku unangoja umevaa mabuti.

Siku yenyewe ni tamu, sikudanganyi. Mkiingia mlango wa bahari wa Gerlache mashine zinapunguzwa mpaka sakafu inaacha kutetemeka, ndipo unasikia vipande vya barafu vikikwaruza ubavu wa meli. Mlango mwingine mwembamba, Lemaire, una urefu wa kama kilomita 11, majabali huku na huku. Siku nyingine barafu imeziba, nahodha anageuza, na hela hairudi. Mto wa barafu ukimeguka unaona kipande kikianguka kimya kimya, halafu mlio unakuja nyuma kama radi. Sisi wa jikoni tulipewa dakika kumi za kupanda kuangalia. Mimi nilikuwa nakimbilia omoni na aproni yangu.

Lakini kwanza uvuke Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, karibu siku mbili kwenda na mbili kurudi. Huko nimeona masufuria yakihama yenyewe.

Mjomba_Feri
Mnalipa mamilioni kutazama barafu? Njooni Feri alfajiri, barafu ya samaki ipo, na changu mtaondoka nao 😂

Kipepeo
Mjomba acha utani. Mimi nilikwenda Glacier Bay na wakwe. Haziingii meli kubwa zaidi ya 2 kwa siku, na asubuhi askari wa hifadhi wanapanda melini wanaeleza kwa kipaza sauti. Mbele ya mto wa barafu wa Margerie meli ilitulia kama saa nzima ikijigeuza polepole, wa kulia na wa kushoto wote wakaona. Maji humo ndani yametulia, mama mkwe alitazama dirishani na chai yake haikumwagika. Kilichonigusa ni kuambiwa kwamba mwaka 1794 ghuba hiyo karibu yote ilikuwa barafu tupu. Sasa unasafiri kama kilomita 100 ndani yake ndipo uione. Pengwini hakuna, wale ni wa kusini. Meli nyingi huanzia Vancouver, ulizeni mapema habari ya viza ya Kanada.

BahariaMstaafu
Hapo dada amenena. Kwa siku moja tu, mimi pia ningekwenda Alaska. Antaktika nenda ukiwa tayari kulipia kukanyaga chini.

MtuWaTanga
Shukrani wote. Nilimsomea mama watoto, tulipofika kwenye masufuria akaninyang'anya simu. Basi ni Alaska, Juni. Dada Kipepeo, hilo dirisha la chai lilikuwa ghorofa ya ngapi?